TAHADHARI: Piano "iliyofanyiwa sevisi" kumbe pini zimetiwa dawa

Kabla hujatoa hata senti ya piano ya mtumba, fungua kifuniko umulike tochi kwenye pini za kukazia nyuzi. Ukiona duara la kahawia linalonata kuzunguka shina la pini, vumbi limegandia, ujue imemiminiwa dawa ya kuvimbisha mbao, aghalabu yenye glisirini. Mbao inayoshika pini inavimba, pini zinabana mpaka ulipe uondoke nayo. Dawa ikiisha nguvu zinaachia tena, na yale mafuta yaliyobaki yanazuia gundi kupenya. Fundi atakayekuja baadaye anakuta kazi imeshaharibiwa.

Hila ya pili ni kuituni chini makusudi ili nyuzi zisivute sana. Fungua programu ya kutunia kwenye simu, piga A iliyo juu ya C ya katikati. Inatakiwa isome Hz 440. Ikisoma karibu na 415, imeshushwa nusu toni nzima. Muulize muuzaji kwa nini. (Si kila piano iliyoshuka ni utapeli, nyingine hukaa miaka bila kutuniwa.)

Halafu angalia mizunguko ya waya kwenye pini. Ikigusa fremu ya chuma, pini zilishagongwa ndani hadi mwisho ili zikaze, hakuna nafasi ya kugonga tena. Kwenye piano ya kulala, kugonga bila kuwekea jeki chini ya ubao wa pini (ile mbao inayoshika pini) kunaweza kuupasua.

Alama za gundi peke yake zisikutishe. Gundi kali (super glue) nyepesi kama maji ni tiba halali ya pini zilizolegea: piano ya kusimama inalazwa chali, matone yanawekwa kwenye shina la kila pini, yanarudiwa mpaka mbao iache kunywa, madirisha wazi kwa sababu ya moshi wake. Pini nene zaidi kwa takriban 0.1 mm nayo ni njia nzuri, ila uzi lazima ufunguliwe.

Njoo na fundi wako mwenye ufunguo wa kutunia, ajaribu pini kadhaa kila upande, hasa za besi. Pini nzima inagoma, kisha inasogea kwa kushtuka kidogo. Iliyolegea inateleza tu kama kijiko kwenye uji. Muuzaji akikataa pini zisiguswe, ondoka.

Ubao wa pini ukiwa umepasuka, mara nyingi gundi wala dawa hazisaidii. Kwa kawaida ni ubao mpya, pini mpya na nyuzi mpya, na kwa piano nyingi kuukuu gharama hiyo inapita bei ya piano yenyewe.