Rangi ya kutia uzi wa sufu nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla ya kulipia rangi, hakikisha uzi. Uzi mwingi wa kufumia unaouzwa madukani ni akriliki, na rangi za sufu haziushiki. Choma kipande: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka ikabaki kidonge kigumu.

1. Rangi za asidi za unga, yaani zinazoshika sufu kwa msaada wa asidi kama siki. Kama unaweza kuzipata, nunua hizi. Kwa gramu 100 za uzi, gramu 1 hutoa rangi ya wastani, gramu 2 iliyokolea, nyeusi hudai kama gramu 4. Mizani ya jikoni haipimi kiasi kidogo hivyo, basi yeyusha gramu 10 katika lita 1 ya maji ya moto, upime kwa bomba la sindano: kila mililita 100 zina gramu 1. Vaa barakoa unapofungua unga.

Loweka uzi nusu saa. Uweke kwenye lita 3 au 4 za maji ya vuguvugu yenye rangi, pasha taratibu, kisha ongeza mililita 60 za siki nyeupe. Maji yafuke mvuke bila kutokota, nyuzijoto 85 hadi 90 za Selsiasi, kwa dakika 30. Yakibaki meupe, sufu imekunywa rangi yote. Uache upoe humo humo: ukiutoa kwenye moto na kuutia maji baridi, au ukiukoroga sana, nyuzi hushikamana, uzi ukawa mgumu na mfupi. Hapo hakuna dawa.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, na isirudi kupikia.

2. Rangi za chakula. Rahisi na salama kwa mwenye watoto. Soma lebo: E102 (njano) na E133 (buluu) hushika sufu vizuri kwa siki. Zilizotengenezwa kwa kiazisukari chekundu hufifia. Zambarau hutengana, kwa kuwa nyekundu hudaka haraka kuliko buluu. Chelewesha siki mpaka maji yapate moto.

3. Shabu na maganda ya vitunguu. Shabu husaidia rangi ishike: gramu 12 kwa gramu 100 za uzi, uzi ukae katika maji yake saa moja kwenye moto mdogo. Kisha uuhamishie kwenye maji ya maganda makavu yaliyochemshwa na kuchujwa, maganda yawe na uzito sawa na uzi. Hutoka dhahabu nzuri mno. Bizari ya manjano huvutia siku ya kwanza, ila jua huipausha upesi.

4. Pakiti za “nguo za aina zote”. Sehemu ya rangi yake ni ya pamba, nayo itamwagika na maji ya kusuuzia.

5. Rangi za batiki: usinunue. Ndizo zinazopatikana kwa urahisi, lakini nyingi huchanganywa na kostiki soda, ambayo ikipata moto huyeyusha sufu. Hata magadi ya kufulia, yanayotumika na rangi nyingine za pamba, huukausha na kuudhoofisha uzi.