Kutua Bila Nguvu ya Mota: Helikopta Ndogo au Kubwa?
Anayejifunza mjini Mombasa kuitua helikopta ya mfano, ile ndogo inayoongozwa kwa rimoti, ikiwa mota imezimwa, mapanga yakizungushwa na hewa inayopita kutoka chini chombo kinaposhuka, huwa na chaguo mbili: ya daraja la 450, yenye mapanga ya takriban milimita 325, au ya daraja la 700, ambayo mapanga yake hukaribia milimita 700. Ndogo ni nafuu, na ikianguka vipuri vyake haviumizi mfuko sana. Hata hivyo, mapanga yake mepesi huhifadhi nguvu kidogo ya mzunguko, kwa hiyo rubani akiinua pua ili kupunguza mwendo, kisha akaongeza pembe ya mapanga mapema mno, mzunguko hufifia na chombo hudondoka kabla ya kugusa ardhi kwa utulivu. Kubwa humsamehe kosa hilo, kwani uzito wa mapanga huendeleza mzunguko. Upepo wa kusi nao, akiuelekea, hupunguza mwendo wa chombo juu ya ardhi. Ila mapanga hayo hujeruhi vibaya, hivyo ufuo wenye watu, kama ule wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, haufai kamwe. Kwa maoni yangu, mwenye uwanja mpana na msimamizi mzoefu aanze na kubwa.