Nissan X-Trail: Jina la Datsun, Giaboksi ya Zama Nyingine

Ndugu watazamaji, karibuni katika uchambuzi mwingine wa magari kutoka hapa Mwanza. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Nissan X-Trail ya kizazi cha pili, ambayo mafundi huiita T31, yenye injini ya petroli ya lita 2.0, na nimeliegesha hapa Capri Point kwa sababu baada ya muda mfupi tutapanda nalo mlima wa Bugando. Wengi mmeuliza kwa nini gari lenye nafasi ya kutosha, viti vizuri na uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne huuzwa mkononi kwa bei ya chini kuliko Toyota ya umri na ukubwa unaokaribiana nalo. Jibu langu ni kwamba soko limekwisha kukata bei ya giaboksi kabla ninyi hamjafika. Sifa ya jina la Nissan katika ukanda huu ilijengwa na magari ya aina moja, na hili ni gari la aina nyingine kabisa. Anayelinunua kwa kutegemea sifa ile ananunua urithi ambao haumo chini ya boneti.

Sifa yenyewe haikuwa ya kubuni. Kampuni ilianzishwa Yokohama mwaka 1933, na kwa miongo mingi magari yake madogo yaliuzwa kwa jina la Datsun, hadi ilipoanza kuliondoa jina hilo mwaka 1981. Wazee wetu waliijua Datsun kupitia Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 akiwa na Datsun 1600 SSS, akarudia mwaka uliofuata akiwa na 240Z. Kisha akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, aliyeshinda mwaka 1973 na baadaye akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote akiwa na magari ya kampuni hiyo. Mkulima wa pamba wa Magu aliyetaka pikapu hakuhitaji kushawishiwa na mtu, kwa kuwa alikuwa ameona au kusikia mwenyewe gari hilo likipita kwenye matope na mawe likabaki zima. Na lilipoharibika, fundi yeyote mwenye spana na akili timamu aliweza kuifungua giaboksi ile ya manyuo chini ya mwembe, akabadilisha kilichokwisha na kuifunga tena.

Miaka ya tisini kampuni ilizama katika madeni, hadi mwaka 1999 Renault ya Ufaransa iliponunua asilimia 36.8 ya hisa zake na kumtuma Carlos Ghosn kuinusuru. Mpango wake wa kwanza ulifunga viwanda vitano na kupunguza ajira 21,000, na kwa haki yake ni lazima tuseme kwamba kampuni ilipata faida tena haraka kuliko wengi walivyotarajia. X-Trail ya kwanza, yaani T30, ilitoka katika kipindi hicho, mwishoni mwa mwaka 2000. Ni gari la pembe pembe, dashibodi yake ina saa za mwendo katikati badala ya mbele ya dereva, na matoleo mengi ya Japani yana viti na buti vya kufuta kwa maji, jambo ambalo mtu anayebeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba ataelewa thamani yake bila maelezo yangu. Giaboksi yake ya otomatiki ni ya kawaida, ya gia nne.

T31 ilipoingia sokoni mwaka 2007, giaboksi hiyo iliondolewa katika matoleo ya petroli na mahali pake ikawekwa CVT. Hapa naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu malalamiko karibu yote ya wamiliki yanatokea ndani ya sanduku hili. CVT haina gia za meno zinazopokezana. Ina puli mbili zenye umbo la koni, na kati yake unapita mkanda uliotengenezwa kwa mamia ya vipande vya chuma. Shinikizo la oili husogeza pande za puli ama karibu ama mbali, mkanda ukapanda au kushuka, na kwa namna hiyo uwiano kati ya mzunguko wa injini na mzunguko wa magurudumu hubadilika taratibu bila gari kushtuka. Mkanda hauna kinachoushika isipokuwa msuguano wa chuma na chuma, ukibanwa kwa nguvu ya oili. Kwa hiyo oili ile ina kazi tatu kwa wakati mmoja: inalainisha, inapooza, na kwa shinikizo lake inazuia mkanda usiteleze. Ikichakaa au ikipata joto kupita kiasi, shinikizo hupungua, mkanda huteleza, puli hukwaruzika, na unga wa chuma unaotoka hapo husambaa hadi kwenye vali ndogo ndogo zinazoongoza mfumo mzima.

Ndiyo maana dalili zinazotajwa na wamiliki hufanana, awe anaishi Marekani, Australia au Afrika Mashariki. Gari husitasita linapoanza kuondoka. Hutetemeka kwenye mwendo mdogo kana kwamba linapita juu ya matuta madogo. Kisha hutoa mvumo unaopanda pamoja na kasi. Na mwishowe, katikati ya mlima, nguvu hupotea na mshale wa mizunguko hukataa kupanda hata ukikanyaga mafuta hadi chini. Hali hiyo ya mwisho mara nyingi ni kompyuta inayojaribu kuokoa giaboksi iliyochemka, na dereva asiyejua huendelea kukanyaga.

Kampuni haikuwa na sababu ya kushangaa. Nchini Marekani, Murano, gari jingine la Nissan, ilikuwa imekwisha kuuzwa na CVT tangu mwaka 2002, na malalamiko yalifikia kiwango cha kuifanya Nissan iongeze dhamana ya giaboksi hizo, kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, hadi miaka 10 au maili 120,000, ambazo ni kama kilomita 193,000. Baadaye, baada ya mashauri ya pamoja ya wamiliki mahakamani, Rogue za 2014 hadi 2018, ambazo ni ndugu wa X-Trail ya kizazi cha tatu, yaani T32, ziliongezewa dhamana hadi miezi 84 au maili 84,000. Angalieni tarakimu hizo kwa jicho la mtu wa Mwanza: gari linalotufikia kutoka Japani limekwisha kupita umri huo wote, na dhamana ya Marekani haikuwahi kuvuka bahari. Sisi ni mwenye gari wa pili au wa tatu, na gharama ambayo kule ililipwa na kampuni, hapa inalipwa na mwalimu aliyechukua mkopo wa benki.

Twendeni sasa barabarani. Tunaanza kupanda kuelekea Hospitali ya Bugando, na mnasikia injini imepanda hadi mizunguko fulani ikabaki hapo hapo huku kasi ya gari ikiendelea kuongezeka. Aliyezoea gari la gia nne atadhani kuna kitu kinateleza, lakini hii ndiyo tabia ya kawaida ya CVT iliyo nzima. Hofu ianze pale mizunguko inapopanda na kasi haiongezeki, au mshale unapocheza juu na chini bila mguu wenu kusogea. Kwa upande wa starehe, sina neno baya: gari limetulia kwenye lami iliyochubuka, usukani ni mwepesi, na abiria watatu wa nyuma hawagongani mabega. Ni gari zuri linalobeba giaboksi isiyopenda kuonewa, na mji huu wenye milima ya mawe, foleni za Buzuruga na desturi ya kujaza watu saba na magunia mawili kwenda Bunda, huionea kila siku.

Hata hivyo, kosa halipaswi kuwekwa lote mlangoni kwa mtengenezaji. Nissan iliagiza oili maalumu, NS-2 kwa T31 na NS-3 kwa zilizofuata, lakini katika gereji nyingi CVT humiminiwa oili nyekundu ile ile ya otomatiki za kawaida, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mkanda wa chuma. Rejeta iliyoziba kwa vumbi nayo huongeza joto la giaboksi, na ile tabia ya mafundi kung'oa themostati ili gari lisichemshe huuvuruga mfumo wa joto uliopangwa kwa hesabu. Na kabla mwenye Toyota Fielder hajamcheka mwenye X-Trail, akumbuke kwamba Fielder nyingi za kuanzia mwishoni mwa 2006 zina CVT pia. Tofauti kubwa ni kwamba gari lake ni jepesi na halina tamaa ya kubeba mizigo ya porini.

Nirudi kwa kampuni, maana kuanguka kwake kunahusu spea zenu. Mwaka 2011 Ghosn alitangaza lengo la kushika asilimia 8 ya soko la dunia na faida ya asilimia 8 ifikapo mwaka wa fedha wa 2016. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mwelekeo ulipopotea, kwani kampuni ilikimbilia idadi, ikamwaga magari Marekani kwa punguzo kubwa na kwa makampuni ya kukodisha, na thamani ya gari lililotumika ikashuka pamoja na heshima ya jina. Mauzo yalifikia magari milioni 5.77 katika mwaka wa fedha wa 2017, na mwaka huo huo ikabainika kwamba viwandani Japani ukaguzi wa mwisho ulikuwa ukifanywa na watu wasioidhinishwa, hata magari takriban milioni 1.2 yakaitwa kukaguliwa upya. Ghosn alikamatwa Novemba 2018, akatorokea Lebanon mwishoni mwa 2019, na habari zake zimeshasimuliwa vya kutosha. Kufikia mwaka wa fedha wa 2024 mauzo yalikuwa yameshuka hadi karibu milioni 3.35, hasara ikawa takriban yeni bilioni 671, na mazungumzo ya kuungana na Honda yakavunjika Februari 2025. Mkurugenzi aliyeingia mwaka huo, Ivan Espinosa, alitangaza kupunguza ajira 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Oppama, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1961 wakati Datsun ndiyo kwanza inajitafutia jina, kinatarajiwa kuacha kuunda magari mwishoni mwa mwaka wa fedha wa 2027.

Je, spea zitakauka? Kwa T30 na T31 sidhani, kwa sababu magari yaliyobomolewa Japani ni mengi na kontena zinaendelea kuja. Tatizo la giaboksi ya mtumba ni jingine: unanunua CVT nyingine ya umri ule ule, ambayo hujui ilimwagiwa oili gani, na hata ikiwa nzima, kompyuta ya gari inapaswa kulishwa takwimu za giaboksi hiyo kwa kifaa cha Nissan. Fundi anayesema "tunafunga tu, inakwenda" anawatayarishieni safari ya pili ya gereji.

Kama uamuzi ungekuwa wangu, kwa matumizi ya milimani na mizigo ningechukua T30, nikikubali kwamba injini zake zina sifa ya kula oili zinapozeeka, na hivyo ningepima kijiti kila wiki. T32 ningemwachia mwenye uwezo wa kubadilisha NS-3 kila baada ya kilomita 40,000 bila kuhesabu shilingi. T31 kama hii ningeinunua ikiwa bei yake, pamoja na akiba ya giaboksi niliyoiweka kando, bado iko chini ya gari ninalolilinganisha nalo. Mkiwa yadi, msiridhike na kuwasha na kuzunguka ua, kwa sababu CVT mbovu huwa na adabu ikiwa baridi. Ombeni kwenda nalo hadi Usagara na kurudi, mpande mlima likiwa limeshapata moto, msimame katikati ya mwinuko, kisha muondoke polepole huku redio ikiwa imezimwa. Baada ya hapo fundi aunganishe kompyuta na asome kumbukumbu za giaboksi kabla muuzaji hajapata nafasi ya kuzifuta.