Ukarabati wa reki ya pawa stelingi: kazi safi, alaimenti ndiyo imeniudhi

Nimeridhika na gereji hii, hasa kwa sababu fundi alikataa kuniuzia sili (mpira unaozuia oili isivuje) kabla hajaiona shafti ya reki, yaani chuma kirefu kinachosogea kulia na kushoto kugeuza magurudumu ya mbele. Gari lilikuwa linapoteza oili ya stelingi, na kwingine nilishaambiwa ninunue pampu. Yeye alilipandisha, akalegeza klipu ya buti, mpira unaofunika mwisho wa reki, upande wa dereva, oili ikamwagika. Buti lipo kuzuia vumbi na maji tu. Ukikuta oili ndani yake, sili ya mwisho wa reki imekwisha.

Pampu, inayozungushwa na mkanda wa injini, husukuma oili kwa nguvu kubwa. Ukikata usukani, kijiti cha chuma kilicho juu ya pinioni (gia ndogo inayoisogeza reki) hujipinda kidogo, valvu inafunguka, na oili inaingia upande mmoja wa pistoni iliyo kwenye shafti ya reki. Hapo ndipo usukani unapokuwa mwepesi. Shafti hiyo hiyo inapita katikati ya sili kila unapokata kona, kwa hiyo buti likichanika, maji yakaingia na kutu ikachimba vishimo kwenye chuma, sili mpya nayo itachanwa mapema. Fundi aliifuta shafti akapitisha ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho. Yangu ilikuwa laini. Ingekuwa na vishimo, alisema, asingefunga sili mpya. Ningetafuta reki nyingine.

Nilipenda pia kwamba aliufunga usukani usizunguke kabla ya kuachanisha jointi ya chini inayouunganisha na reki, maana waya wa eabegi uliojiviringisha nyuma ya usukani hukatika ukizungushwa ovyo. Oili ya zamani aliitoa yote, akaweka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kutoa hewa hakuharakisha: magurudumu ya mbele juu, injini imezimwa, anakata taratibu kulia na kushoto huku akiongeza oili hadi mapovu yakaisha, ndipo akawasha.

Sasa lililoniudhi. Gari nilikabidhiwa bila alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu kwa mashine, usukani ukiwa umekaa upande barabara ikiwa imenyooka. Kuhesabu nyuzi za tairodi endi (kiungo cha kati ya reki na gurudumu) wakati wa kufunga husaidia gari lifike kwenye mashine ya alaimenti, lakini hakuchukui nafasi ya mashine hiyo. Matairi yataliwa upande mmoja. Kazi hiyo ingepaswa kuwa sehemu ya huduma. Halafu bolti ya kurekebisha mchezo (ulegevu) wa reki ilikazwa mno, usukani ukawa haurudi wenyewe baada ya kona. Niliporudi waliilegeza kidogo bila ubishi, na sasa unarudi vizuri.

Kama stelingi ya gari lako ni ya umeme mtupu, huduma hii haikuhusu. Huko hakuna oili wala pampu, na usukani ukiwa mzito, anza na betri, sensa na mota.