Wakala wa wadada wa kazi: huduma chapchap, ila bili anaibeba dada

Mlioniuliza kuhusu ile ofisi ya kuunganisha wafanyakazi wa nyumbani, haya jibu hili. Jina silitaji maana mchezo huu wanaucheza mawakala wengi tu.

Mazuri yapo. Wana kasi sio mchezo, unajaza fomu kwenye simu, kesho yake ushaletewa watu wawili watatu wa kuwahoji, na wadhamini wao ukiwapigia wanapatikana kweli. Halafu kuna waranti (eti ndo wanavyoiita, utadhani umenunua simu), dada akikushinda ndani ya miezi mitatu unabadilishiwa bure. Kama mteja sina neno, nimehudumiwa.

Sasa njoo kwenye mkataba. Upande wangu kila kitu kipo, ada, muda wa kubadilishiwa, nani wa kumlalamikia. Upande wa dada ni mistari minne: atakuwa mwaminifu, hataondoka bila taarifa, atafanya "kazi zote za nyumbani na nyingine atakazopangiwa", na mshahara wa miezi miwili ya kwanza utakatwa nusu kama ada ya ofisi. Saa za kazi hamna. Siku ya kupumzika hamna. Akiugua, kimya. Nikamuuliza mhudumu sasa huyu anapumzika lini, akacheka, "hayo mtaelewana wenyewe huko nyumbani bosi wangu". Mtaelewana! Mmoja anategemea hapo hapo kulala na kula, nusu ya hela yake ishaliwa, mwingine ndo mwenye nyumba na funguo za geti, wanaelewana nini hapo?

Na kitambulisho cha dada je? Mhudumu anavuta droo, imejaa bahasha za kaki zimeandikwa majina kwa makapeni, anasema vinakaa pale kwa usalama wa mteja.

Jamani hivi vitu vina utaratibu wake unaojulikana. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba namba 189 mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani, unasema mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo, mtu akae na kitambulisho chake mwenyewe, ajulishwe masharti ya kazi kwa namna anayoielewa na ikiwezekana kwa maandishi, na ada ya wakala isikatwe kwenye ujira wake. Hata kabla ya hapo Mkataba namba 181 wa 1997 ulishaweka kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi, si wazi si kwa kuzunguka, labda mamlaka ziruhusu kwa makundi fulani. Tatizo mikataba hii inaibana nchi iliyoridhia tu, na nyingi bado. Na hata palipo na sheria, mkaguzi wa kazi akienda kiwandani anaingia, nyumba ya mtu anaingiaje? Uruguay, ambao ndo walikuwa wa kwanza kuridhia huo 189, sheria yao ya 2006 inamruhusu mkaguzi kuingia kwa amri ya mahakama pakiwa na dalili za ukiukwaji. Kwingine inabaki huruma ya bosi. Na sio watu wachache hawa, ILO inakadiria wapo zaidi ya milioni 75 duniani, wengi wanawake, na 8 kati ya 10 wako nje ya mfumo rasmi.

Kilichoniudhi zaidi ni hesabu yenyewe. Makato miezi miwili, waranti miezi mitatu. Dada akiondoka mwezi wa nne mimi nalipa ada upya, yeye akipelekwa kwingine anakatwa upya, ofisi inakula pande zote mbili, sasa wao watake akae mwaka mzima ili iweje? Wanaolalamika kila siku eti wadada hawakai wangeanza kuuliza hapo.

Nikagoma kusaini. Baada ya kuvutana ada ya dada nikailipa mimi, kitambulisho kikatoka kwenye bahasha, na chini ya mkataba tukaongeza kwa peni saa za kuanza na kumaliza na siku ya mapumziko. Dada mwenyewe alikuwa amenyamaza muda wote, aliuliza kimoja tu, hiyo siku anaruhusiwa kutoka au anapumzikia humo humo ndani. Mhudumu akanitazama mimi nijibu. Anatoka bwana, si siku yake!

Na kwa wale wa "ukimwachia kitambulisho atakuibia akimbie", mdhamini si mnaye na namba yake mnayo, sasa kadi kukaa kwenye droo ya ofisi inazuia wizi gani?

Nyota 2 kati ya 5, zote za kasi na wadhamini. Ukienda, omba karatasi ya dada uisome kabla hujatoa ada yako, ukishalipa hawana tena haraka ya kukusikiliza.