Fundi wa Aggrey aliyeiponya laptopu yangu

Natengeneza kadi za harusi, kwa hiyo kioo cha laptopu ndicho jembe langu. Msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, nikapandisha kwenda Windows 11. Ilipowaka, maandishi makubwa kama ya bango, mwanga haupungui, na programu ya kuchorea inajifunga kila nikiifungua. Fundi wa mtaani kwetu akasema kioo kimekufa, nilete 180,000. Sikulala.

Nikaenda kwa kijana mmoja ghorofani, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Hakushika hata bisibisi. Alichomeka kebo ya televisheni ya dukani. Haikupokea picha kabisa. "Dada, kioo kibovu hakiwezi kuizuia televisheni. Hapa draiva ya picha, yaani programu ndogo inayoiongoza kompyuta kuonyesha picha, ndiyo haipo." Akanionyesha kwamba kompyuta ilikuwa ikijikongoja kwa draiva ya msingi, ile ya dharura. Akapakua toleo sahihi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, akazima, akawasha. Rangi zikarudi!

Dakika 40, shilingi 15,000. Akanifundisha pia kwamba ndani ya siku 10 baada ya kupandisha, unaweza kurudi toleo la zamani na mafaili yako yakabaki. Hilo nimelithamini kuliko bei. Foleni yake ndefu. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi.