Kukopesha maduka: jedwali la alama au modeli inayojifunza?

Chukua msambazaji wa jumla Nakuru mwenye maduka 300 yanayochukua unga na mafuta kwa mkopo wa siku 14.

Jedwali la alama ni rahisi: historia ya malipo 40, mauzo ya till (namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu) 25, umri wa duka 20, ripoti ya CRB (shirika linalotunza kumbukumbu za mikopo) 15. Kuanzia 70 mzigo unatoka. 50 hadi 69 faili liende kwa meneja. Chini ya hapo, taslimu. Excel inatosha, na mteja akiuliza kwa nini amekataliwa, jibu lipo. Ila uzito huo ni makisio ya mtu, na maafisa wako wa mauzo hawakawii kujua wajaze nini ili duka lipite.

Modeli, tuseme regresheni ya lojistiki (hesabu inayokadiria uwezekano wa mteja kutolipa), hutoa uzito kutoka kwenye ankara za nyuma. Hapo ndipo penye mitego. Kama walioshindwa kulipa ni 12 tu, itawakariri hao 12. Waliokataliwa zamani hawamo kwenye data, kwa hiyo haijui chochote kuwahusu. Mbaya zaidi ni sifuri: aliyelipa kwa wakati mara 30 na ambaye hajawahi kukopa wote husomeka “siku 0 za kuchelewa”. Weka safu ya pili: idadi ya mikopo iliyomalizika.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinabana maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, hivyo meneja abaki kwenye njia zote mbili.

Kwa maduka 300, anza na jedwali, ukihifadhi alama za kila ombi, hata lililokataliwa.